Ramani ya Mfuko wa Saruji

Nimeupasua mfuko wa saruji, nikaukung'uta,
nikaulaza sakafuni, upande wa ndani juu.
Kona nimezikandamiza kwa pleki mbili, bakuli,
na kiatu cha Kalunde, ambaye anakitafuta.
Hapa Isevya. Pale karatasi inapoishia, Kigoma.

"Lami ipo," anasema jirani, amesimama mlangoni.
Najua ipo. Nimeipita mara tisa na magunia ya vipuri
na sikumbuki hata mti mmoja.

Reli nimeichora kwanza, kwa mkaa, mstari mnene.
Si ya kufuatwa; ni ya kushikia,
kama ukuta anaoupapasa mtu aendaye chooni usiku.
Kushoto kwake Ugalla, kulia vinamasi,
katikati mimi na Ntahondi,
pikipiki mbili, tairi zenye meno,
lita kumi na moja kila tangi.

Lita moja, kilometa thelathini na tano.
Kwenye mchanga, ishirini na mbili.
Kwenye mchanga ukiwa na Ntahondi,
anayesimama kila kijito kuosha miwani,
sijui.
Chupa sita za maji zitabeba petroli.
Chupa mbili zilizokuwa za petroli zitabeba maji;
tumezisuuza mara nne
na chai bado inanuka gereji.

Jumatano alikuja Sizya, mrina asali, kulipa deni la plagi.
Akachuchumaa, akautazama mfuko
kama anayemtazama mgonjwa wa mtu mwingine.
"Njia yako hii imeliwa na masika."
Kwa kidole chenye nta akaichora nyingine:
ukiyaacha mabani ya tumbaku, mizinga kumi na saba,
ingia njia ya ng'ombe, mizinga mitano tena,
utayasikia maji kabla hujayaona.
Ni kilometa ngapi hizo?
"Nyuki hawajaniambia."
Nikaandika: 17, halafu 5.
Mita ya pikipiki yangu, hata hivyo,
ilikufa zamani, kwenye 61,408.

Na mbung'o?
"Wanapenda kinachokimbia. Wanapenda na buluu.
Msivae buluu."
Tangi la Ntahondi ni la buluu.
Tukanyamaza kidogo.

Malagarasi tutavuka kwa mtumbwi, pikipiki mojamoja,
imelazwa ubavu kama ndama anayepelekwa mnadani,
kioo chake kikitazama mawingu.
Mvushaji, nimeambiwa, hutoza elfu tatu kwa chombo
na elfu moja kwa mwenye chombo akipiga kelele.
Nimetenga elfu nane.

Kalunde amekiona kiatu chake.
Ameiona na ramani.
"Nguruka unapita na huendi kwa shangazi?
Tangu tanga la babu hajaona uso wa mtu wa kwetu."
Kona moja, na furushi la michembe.
Mama mkwe anataka chumvi ya Uvinza, debe,
aionje mwenyewe kabla sijailipia, akasema,
kisha akakumbuka hatakuwepo.
Fundi cherehani ana mdogo wake Kazuramimba,
amwambie tu kwamba mashine imefika.
Kila aliyeinama aliniongezea kona,
na mstari wangu sasa ni utumbo wa kuku.

Nilitaka njia isiyo na mtu anayenidai salamu.
Siku nne za vumbi, miombo, na mlio wa injini
usiojua jina la baba yangu.
Nimeutazama utumbo huo mpaka taa ikapungua,
nikashindwa kufuta hata kona moja.
Ya chumvi tu niliigusa kwa kifutio,
kisha nikairudishia.

Mwamvua, wa miaka sita, hakuuliza habari za njia.
Alitwaa kalamu yangu akaanza na ziwa,
akalipaka, akalipaka, akavuka ukingo wa karatasi
akaingia sakafuni, karibu na mguu wa kitanda,
buluu tupu,
mpaka wino ukakata.

Kituo cha mwisho cha petroli bado sijakiandika.
Nimevaa ndala. Naenda kuazima kalamu
kwa jirani yule wa lami.