Kikombe cha Zamu

Vikombe vilifika kwa gari moshi, vimefukiwa kwenye majani makavu,
mia mbili na kumi, na watoto wa shule walikuwa mia nne na ushee.
Ndivyo mama asemavyo, na mama hahesabu ovyo:
miaka hamsini amepima dagaa pale Mwaloni, Kirumba.

Mwalimu akapanda juu ya kiti. Huko ng'ambo, akasema,
leo kuna binti anavishwa taji,
kwa hiyo kila wawili washike kimoja.
Mama, Nkwimba wa Igogo, akapangwa na Holo binti Masalu.
Mmoja akashika mkono wa kikombe, mwingine kitako,
wakazunguka uwanja hivyo hivyo, juani,
vibendera vya karatasi vikichujia rangi viganjani mwao.
Chai ya maziwa. Skonsi moja moja.
Jioni wakaelewana: wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu.
Malkia akawa wa zamu, kama kuchota maji.

Holo ndiye aliyesema yule farasi mwenye pembe
ni mbuzi aliyekasirika.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya masika, zamu ya Holo,
na Holo hakuja.
Baba yake alikuwa amepakia watu na magodoro melini usiku.
Wengine walisema Musoma, wengine Kisumu.
Kikombe kilikuwa juu ya kabati, kimeoshwa, kinangoja.

Mama alikinywea uji. Alichotea mbegu za pamba.
Baba alipofariki akakishusha sokoni kiwe kipimo:
dagaa kikombe kimoja, halafu,
muulize yeyote aliyewahi kununua kwake,
konzi moja juu, bila kuombwa.
Wabeja, mama Ng'washi, walisema wateja, una mkono mwema.
Mkono gani? aliniambia siku moja, akifukuza nzi.
Ile nyongeza ni ya Holo.
Siwezi kuuza kama mtu mwenye kikombe kizima.

Akaja mkaguzi wa vipimo, mzani wake unameremeta.
Akakigeuza, akasoma mwaka uliobaki ubavuni, hamsini na tatu,
akasema hiki, mama, si kipimo halali.
Mama akanunua mzani.
Akapima kwa mzani, kilo kamili, sindano imetulia,
kisha akachovya kikombe kwenye gunia
akaongeza.

Na uso? Uso uliondoka kidogo kidogo,
kwa majivu, kwa mchanga wa ziwani tuliosugulia mimi na kaka zangu.
Pua kwanza. Kisha shanga za shingoni, simba, yule mbuzi.
Taji ndilo lililokawia,
miaka mingi limekaa juu ya kichwa kisichokuwepo.

Mwaka ule wa taji jipya tulitazama kwa kinyozi, Mabatini,
mama kwenye kiti cha kunyolea, kikombe mapajani.
Gari la dhahabu, farasi, kofia kama mizinga ya nyuki.
Walipomzungushia mfalme pazia ili apakwe mafuta
kinyozi akasonya: sasa wanaficha nini?
Mama akasema, mwache. Kwa watemi wetu pia, baba alisimulia,
mazito yalifanyiwa ndani.
Halafu akauliza: na yule binti?
Tukamwambia. Akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na uso,
akasema, huyu wetu alitangulia.

Mnunuzi wa vitu vya kale alimkuta Mwaloni wiki ile ile,
kijana wa Nairobi, viatu vyeupe katikati ya magamba.
Akapiga picha kikombe, juu, chini. Akataja laki mbili.
Akapandisha, mbili na nusu.
Mama akaendelea kufunga mfuko wa mteja.
Unapita Kisumu? akamuuliza.
Napita, mama.
Basi andika kwenye simu yako. Holo binti Masalu.
Ana kovu la jipu kidevuni, kama bado ana kidevu.
Mwambie ni zamu yake.