Stima Ilipopotea Luanda

Miaka kumi na minane nimesimama ubavuni mwa kinu,
unga umenikalia kwenye kope, masikio yamejaa ngurumo.
Mteja akisema neno, nilitazama midomo tu,
nikatikisa kichwa: ndiyo, laini, ndiyo,
nikapokea debe, nikapokea noti,
nikapaza sauti, "Anayefuata!"

Ilipofika zamu ya kutangaza wimbi langu la pakiti
sikuuliza mtu. Ningemuuliza nani katika kelele ile?
Nilimwita Ambundo, fundi wa rangi,
nikamwambia, nichoree simba.
Akachora. Ukuta mzima, mdomo wazi, meno kama mahindi,
na chini yake kwa wino mwekundu:
UNGA WA SIMBA, NGUVU ZA KIUME.
Rangi ilinila elfu tisa
na mbuzi niliyekuwa nimemtengea karo ya Januari.

Pakiti zikakaa kwenye rafu. Panya wakazionja.
Panya, nadhani, ndio walioelewa tangazo.

Halafu Alhamisi moja, saa nne asubuhi,
stima ikapotea.
Kinu kikashusha pumzi kama ng'ombe anayelala,
kikakohoa, kikanyamaza.
Na foleni yangu, watu kumi na wanne mlangoni,
waliozoea kupigia kelele kelele yangu,
wakaendelea kupayuka vivyo hivyo,
wasijue kwamba leo nasikia.

"Simba huyu ananitishia mtoto!
Namtuma hapa kusaga, anazungukia kwa Opati."
"Nguvu za kiume! Na wangu
hajawahi kunibebea hata gorogoro moja!"
Wakacheka mpaka madebe yakacheka.
"Mimi sina shida na simba. Ni hizo kilo mbili.
Nani ana pesa za kilo mbili kwa mara moja?
Angetupimia ya uji wa leo na kesho."

Kisha Khayumbi, ambaye kwa miaka yote
nilimjua kwa kanga yake tu, si kwa sauti:
"Mama tangu ashikwe na kiharusi hamezi kitu.
Wimbi la hapa ndilo linapita.
Halimkwaruzi koo. La kwingine analitema."

Hapo hakuna aliyecheka.
Nikasimama gizani, mikono ndani ya unga wa mtu.
Lile chekeche la pili nililifunga kwa ubahili,
mawe yasije yakanivunjia kinu.
Kumbe koo la ajuza asiyeweza kusema
lilikuwa limeshaligundua.

Saa saba stima ikarudi. Sikuwasha mara moja.

Ambundo akaja na ndoo ya chokaa.
"Sasa tuchore nini? Chui?"
"Andika: HALIKWARUZI KOO."
"Halafu?"
"Halafu oga, uende nyumbani."
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa.

Siku hizi napima vipakiti vya robo, vinakwisha kabla ya magharibi.
Mvua ikilowesha ukuta, mkia wa simba hujitokeza
chini ya chokaa, na watoto huushika wakipita.

Na kila siku, ikigonga saa nne,
nazima kinu dakika kumi.
Opati anatangaza sokoni kwamba nimeishiwa pesa za stima.
Foleni inanung'unika: "Washa, baba, tuna kazi nyumbani!"

Hata hilo
nalisikia.