Koti la Lusajo

Saa tano usiku, Hamilton.
Theluji ya mwezi wa pili inapiga dirisha
kama mchele unaopepetwa na mtu mwenye hasira.
Nimewasha taa ya jikoni, nimesogeza sahani,
nimelilaza koti la mwanangu mezani, kifudifudi,
kama mgonjwa.

Aliniambia, "Nimeanguka, baba, kwenye barafu."
Nikamwambia, "Pole."
Kisha akala ugali wake wote, harakaharaka,
akaosha sahani bila kuambiwa.
Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka.

Koti lina manyoya ya bata ndani.
Tulilipata kwa mitumba ya kanisa, Barabara ya Barton,
dola kumi na mbili,
na jina la mtoto mwingine, Duarte,
limeandikwa kwa wino ndani ya ukosi.
Kila nikiligusa unyoya mmoja unachomoka,
unapaa, unatua kwenye sufuria.
Humu ndani nako kunaanguka theluji.

Mimi si fundi.
Fundi ni Sekela, mama yake,
aliyekuwa na cherehani pale Tukuyu, barazani kwa Mwakalinga,
akashona sare za shule nzima, mabega yakakaa sawasawa.
Usiku huu anapanga mikate kiwandani.
Nami mchana nafua mashuka ya hospitali:
shuka likichanika tunalitupa.
Pipa lipo, la kijani. Hakuna anayeuliza sindano.

Nalamba uzi, nakosa tundu.
Nalamba tena. Miwani iko wapi?
Uzi mweusi umeisha. Uliobaki ni wa bluu,
bluu ya sketi za wasichana wa shule,
umetufuata ndani ya kopo la biskuti
bila kuomba viza.

Kuanguka nakujua.
Anayeanguka huchanika kiwiko, huchanika goti,
kitambaa kikasagika, kikaota ndevu.
Mchaniko huu uko nyuma, chini ya kofia,
umenyooka, umeshuka shibiri na nusu,
na pale ulipoanzia mshono umenyofoka
kama sikio la mbuzi lililoshikwa na asiyetaka kuachia.
Mtu hajivuti mwenyewe kwa nyuma.

Napiga bandi kwanza, mishono mirefu, ya kushikiza tu,
kama kusema "tutazungumza kesho".
Halafu narudi, mdogomdogo.
Sindano inazama, inatafuta njia upande wa pili,
inanichoma. Subana hatuna.
Tone la damu kwenye bitana; litafichika.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa.
Lakini hawakusema
ufa ukiwa mgongoni mwa mtoto
unazibwa kutokea upande gani.

Niende shuleni? Nivae tai?
Nimwambie nini mwalimu mkuu, kwa Kiingereza changu
kinachochanika katikati ya sentensi?
Au nimwamshe sasa hivi, anitajie jina?
Nachungulia chumbani. Anakoroma. Ana miaka kumi na mmoja.
Mguu umetoka nje ya blanketi, soksi ina tundu.
Soksi siigusi. Usiku mmoja, kidonda kimoja.

Saa kumi na mbili na robo ufunguo unageuka.
Sekela anaingia na harufu ya hamira,
hajavua hata viatu, analiona koti kitini.
Analigeuza nje ndani. Anapitisha kidole gumba
juu ya mishono yangu, mikubwa, midogo, iliyopinda,
kama asomaye barua ya mtu asiyejua tahajia.
Nangoja acheke.
Analivuta fundo la mwisho. Limeshika.

"Nani amemvuta?" anauliza,
na kabla sijafumbua mdomo
ameshavuta kiti, ameketi, koti mapajani,
ananyoosha mkono apewe uzi.