Kodi Baridi

Hapa nyumba ina kodi mbili,
ya baridi na ya joto.
Ya baridi ni kuta, sakafu, na haki ya kufunga mlango.
Ya joto ni hiyo hiyo, ukiongeza moto wa kwenye mabomba,
maji, taka, na taa ya ngazini inayozimika
kabla hujafika ghorofa ya tatu.
Mimi nilikuwa natafuta yoyote.

Tulipanga foleni kwenye ngazi, watu thelathini na mmoja,
kila mtu na faili lake kifuani kama mtoto mwenye homa.
Karatasi za mshahara, miezi mitatu mfululizo.
Karatasi ya kuthibitisha kuwa sidaiwi.
Karatasi ya mwenye nyumba wangu wa zamani, kwamba nilikuwa mpangaji mwema.
Mwenye nyumba wangu wa zamani ni mama yangu, yuko Kutaisi,
na hajawahi kulisema hilo kwa maandishi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe mimi nilipewa siku ya kwanza:
zamu ya usiku, wodi ya mifupa, vitanda ishirini na viwili.
Kilichokosekana ni pa kulilaza jembe asubuhi.
Nililala kwenye kochi la Anke, miguu ikiwa nje,
wiki sita,
paka wake akinihesabu miongoni mwa samani.

Nilipiga simu. "Jina?"
"Tsiala Kobakhidze."
Kimya. Kisha: pole, imeshachukuliwa, sasa hivi tu.
Anke akatoa simu yake, akapiga namba ile ile,
na nyumba ikarudi kuwa tupu.
Akakata bila kuaga. Masikio yamemwiva.
Akachemsha maji ya chai, akasahau kutia majani,
tukayanywa hivyo hivyo.

Nyumba ya Barmen haikuwa na jiko.
Aliyehama alihama nalo, makabati na sinki,
akang'oa hata balbu.
Ukutani ilibaki alama ya mafuta,
kimo cha mtu aliyekaanga vitunguu miaka tisa.
Dalali, Bwana Krämer, akanyoosha mikono:
"Unaona nafasi ilivyo kubwa?"

Nyingine ilitazamana na ile treni inayoning'inia juu ya mto,
magurudumu kichwani, tumbo hewani.
Kila baada ya dakika nne abiria walipita usawa wa dirisha
wakinitazama nikipima kwa hatua
kitanda nisichokuwa nacho.
Niliitaka ile kuliko zote.
Akapewa mtu mwenye mbwa wawili.

Bibi Dörnemann faili hakulifungua.
Alitazama viatu vyangu.
"Unatembea navyo ndani?"
"Usiku sipo," nikasema. "Mchana nalala."
Akafikiri, funguo zikilia mfukoni mwake.
"Mimi usiku nalala. Mchana niko bustanini.
Basi hatutasikiana," akasema,
na hilo lilimfurahisha kuliko mshahara wangu.

Kibandiko cha kengele kina nafasi ya herufi tisa.
Jina letu lina kumi.
Alijaribu kuzibana, akapangusa, akajaribu tena,
mwisho akaandika Kobakhidz
na herufi moja ikalala nje.
Barua zitafika, akasema. Zimefika.

Usiku wangu wa kwanza wa mapumziko
nilichemsha mayai kwenye birika la umeme,
nikaketi juu ya koti langu katikati ya sebule,
nikasikiliza bomba likigonga, tk, tk,
joto likipanda polepole kutoka chini kwake.
Sikuwasha taa. Haikuwepo.

Siku ya tatu, nikitoka zamu,
nikakuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa changu:
WIKI HII NGAZI NI ZAMU YAKO.
Pembeni, ufagio.
Sikuvua koti. Nilianza juu kabisa,
ngazi moja baada ya nyingine hadi mlango wa barabarani,
na taa ilipozimika
niliiwasha, nikaendelea.