Moja Kulia

Barua za watoto hufika Kisumu Jumanne,
gunia zima, zikinuka mafuta ya taa na gundi ya uji.
Mimi ndimi Shangazi Mafumbo. Nasahihisha kwa wino wa kijani;
mwekundu wanauona vya kutosha shuleni.

Leo Kageha wa Chavakali, darasa la tano,
kajaza visanduku vyote kwa penseli.

Moja Kulia, herufi nne:
"Huja bila kubisha, huondoka bila kuaga."
Nilitaka MVUA. Kaandika BABA,
na kwa ajili hiyo Moja Chini, mboga,
imekuwa bboga. Pembeni, kwa mwandiko mdogo:
"Najua. Sikufuta."

Tumepatana kwenye herufi ya mwisho tu,
ile A inayoshukia Mbili Chini:
"Huvunjika bila kuanguka."
AHADI. Hiyo kaipata,
penseli imetoboa karatasi.

"Kama nimekosa, Shangazi, nakupa mji.
Chukua Chavakali yote,
niachie steji tu, kuna mtu namngojea."

Nilikaa na ile karatasi hadi chai ikapoa.
Sheria ni sheria: zawadi, rula na kalamu mbili, ikaenda Ahero
kwa kijana asiyekosa kitu.
Ila kwenye majibu ya Jumamosi nikapiga chapa:
Moja Kulia: mvua, au baba.
Mji nikamrudishia.

Wiki mbili baadaye, bahasha nyepesi, haina fumbo ndani:

"Shangazi, huku mvua imenyesha.
Lile jibu lingine bado."