Mraba Mdogo

Saa kumi na moja alfajiri, ghala la chanjo, Bukavu.
Nahesabu barafu kama mama apimaye unga
siku ya wageni: vipande vinne,
kifuniko, mkanda, mgongoni.
Daktari wa zoni anasema, rudi salama.
Barafu haisemi. Imeshaanza safari yake.

Kila chupa ina duara, na ndani ya duara mraba.
Mraba mweupe, dawa ingali hai.
Ukiiva ukafanana na duara, tupa.
Nimesoma mengi shuleni;
hilo tu ndilo naogopa kulisoma mara mbili.

Cirhuza anaibembeleza pikipiki kwenye tope.
Baada ya Miti, barabara inaacha kuwa barabara.
Hatusemi vita. Tunasema huko kumechafuka,
kama watu wanaosimulia mvua.

Barieri ya kwanza, kamba na fimbo mbili.
Fungua.
Baridi itatoka, shefu.
Fungua.
Ukungu mweupe ukamgusa usoni
akarudi hatua moja, kijana na bunduki yake,
kama aliyebusiwa na mtu asiyemjua.
Ya pili, bendera nyingine, neno lile lile.
Ya tatu sikungoja kuambiwa.

Kalonge, saa saba. Mraba una rangi
ya ukucha uliobanwa na mlango, siku ya kwanza.
Bado.
Chupa moja, watoto kumi. Ukiifungua, una saa sita.
Nabintu wa kituo ana daftari lisilo na jalada
(jalada liliwasha moto usiku ule wa kukimbia).
Akina mama ni tisa.
"Wa kumi ni Ansima, miezi tisa, ng'ambo ya mto.
Wa huko wanalala msituni tangu Jumanne."
Tukangoja. Tukatazama kilima.
Akashuka mbuzi.
Fungua, akasema Nabintu,
na kinywani mwake lilikuwa neno jingine.

Mapaja tisa. Vilio tisa, vizuri,
vya watoto wenye nguvu ya kulia.
Kisha tukakaa na tone la Ansima
hadi saa mbili usiku, taa ya simu ikififia.
Akaandika: kipimo kimoja, kimepotea.
Daftari halina safu ya kuuliza nani.

Kesho yake, kamba ile, kijana yule.
Fungua.
Akachovya kidole, akakitazama.
"Mbona ni maji tu?"