Saa Tisa, Butiaba

Simu inasema noti kumi na nne.
Zingekuwa noti za benki ningezihesabu mara mbili;
hizi za upepo nazihesabu mara tatu.

Kemigisa ameketi juu ya ubao wake,
tiara ya mita tisa mguuni,
ya kumi na mbili mapajani.
"Ipi?"
"Subiri."

Natazama gunia la posho nililolifunga kwenye mlingoti:
linajaa, linalegea, linajaa tena,
shavu la mtoto anayepuliza chai.
Asubuhi moshi wa tanuri za muziri ulielekea Kongo.
Upepo ule haufai. Hushuka gengeni ukiruka ngazi,
hukunyanyua, hukubwaga,
kisha hukuvusha mpaka bila pasipoti.

Sasa moshi umegeuka, unatuingia machoni.
Vizuri. Tunalia tukicheka.
Kule mbali mabaka meusi ya maji yanaungana,
povu jeupe linahesabika: tatu, saba,
halihesabiki.

"Kumi na mbili," anasema, pampu mkononi.

Ndipo shingo yangu inapohisi baridi,
kidogo tu,
kama mtu amefungua friji ya soda nyuma yangu.
Lile wingu juu ya genge
halikuwapo nilipokuwa nakula chapati.

"Zirudishe begini."

Ananuna. Gunia limejaa, limetulia, zuri kabisa,
dakika ishirini nzima
ambazo hatanisamehe.

Kisha linapasuka.